Weupe wa Macho

Kosa lilikuwa la rangi. Ndivyo Jicho alivyoamini, na ukibishana naye juu ya rangi unajitafutia aibu. Jicho ni jina walilompa watu wa duka la vifaa vya ujenzi, alikokuwa akichanganya rangi za nyumba, naye alilipokea kwa maringo yote. Unamletea kipande cha plasta kilichobanduka ukutani kwako, anakigeuzageuza mwangani, anatia tone la nyeusi, tone la njano, anakoroga, na ukishapaka huoni wapi ni pa zamani na wapi ni pa sasa. Mashine ya kuchanganyia ilikuwepo, tena ghali kweli kweli, lakini mwenye duka mwenyewe alikuwa akisema mashine ni pambo, kazi ni ya Jicho.

Nyumbani alikuwa msanii. Si wa kuuza wala wa kusifiwa. Ni msanii wa kuchafua sebule tu, kama mkewe alivyopenda kusema. Sasa wazo moja lilikuwa limemganda: amchore mkewe, picha moja inayofanana naye hasa, aitundike sebuleni kabla uzee haujawabadilisha wote wawili.

"Umechelewa, baba watoto," mkewe alimwambia. "Ungenichora nilipokuwa na kiuno."

Lakini alikubali. Alivaa gauni lake la kijani akakaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

Jicho alianza na rangi za maji, vile vidonge vya kwenye kiboksi wanavyonunua wanafunzi. Rangi hizo hazina nyeupe ya maana. Ukitaka weupe, unaiacha karatasi ionekane. Basi akaacha karatasi tupu mahali pa weupe wa macho, akapaka shavu, paji na mdomo, kisha akarudi nyuma kutazama. Uso ulikuwa wa mkewe, macho hayakuwa yake. Yalikuwa meupe mno, yakimkodolea kama ya mwanamke wa kwenye tangazo la biashara. Akaguna, akaichomeka picha nyuma ya kabati.

Mdogo wa mkewe alipokuja kuwatembelea baada ya kupotea muda mrefu, aliiona ile karatasi ikichungulia nyuma ya kabati, akaichomoa.

"Huyu ndiye dada yangu kabisa!" alisema.

"Shemeji, wewe hujui kuangalia," Jicho akacheka. "Hayo macho umeyaona wapi?"

Shemeji alimtazama dada yake, akaitazama picha, akawa kama anataka kusema neno. Kisha akasema labda ni mwanga wa chumba, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo ya watoto.

Zikafuata chaki za rangi. Hizi zilimfurahisha, kwa kuwa aliweza kuzipaka kwa kidole. Mkewe siku hizo alikuwa hatulii kitini. Mara ajikune mkono, mara ajikune shingo, mara asogee upande.

"Acha kujikuna, kivuli kinahama."

"Ngozi inaniwasha, sijui ni sabuni. Halafu unajua, baba watoto, huku ubavuni kuna kitu..."

"Tulia kidogo. Mdomo unahama."

Mkewe akatulia. Jicho alikuwa amefika machoni, na akifika machoni alitia pamba masikioni. Chaki nyeupe peke yake ilikataa. Alipoisugua na chembe ya njano, chembe tu, mkewe akatokea pale karatasini, yeye mwenyewe, mpaka Jicho akapiga goti lake kwa furaha. Furaha haikudumu. Nani ana macho ya njano? Aliisogeza picha mpaka puani, akaichunguza, akaamua kuwa vumbi la kahawia la mashavu limeingia kwenye nyeupe na kuichafua. Chaki ni mchezo wa watoto, alisema, naye anataka kitu cha watu wazima.

Kitu cha watu wazima kilikuwa rangi za mafuta, za kwenye tyubu, alizozisikia tu miaka yote. Muuzaji alimwonya kwamba nyeupe ya mafuta ikikaa hugeuka njano kidogo. Jicho aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Kwa hiyo alipotia njano kwenye macho ya mkewe, tena safari hii si chembe, hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alijiambia kwamba anaiwahi tu, maana ingegeuka yenyewe hata asipotia.

Nyumba nzima ilinuka mafuta ya kuyeyushia rangi hizo. Mkewe akaanza kusukuma sahani pembeni. Akipika hali, na akila kidogo anakimbilia nje.

"Ni hiyo harufu yako," alisema, amejishikiza kwenye fremu ya mlango. "Itaniua, wallahi."

"Basi naacha," Jicho alisema, na kweli akaacha. Alikuwa mume mwema, watu wote wa mtaani wangekuambia hivyo. Alizibeba tyubu zake akazifungia stoo, akafungua madirisha yote. Harufu iliondoka. Kichefuchefu hakikuondoka, na gauni la kijani likaanza kuning'inia mabegani.

"Umerudi kwenye kiuno chako," Jicho alimtania.

Mkewe alicheka, lakini kicheko kilimwishia njiani.

Mwisho Jicho aliamua kurudi kwenye rangi anayoijua kama mfuko wa shati lake: rangi ya ukuta. Haina harufu, inakauka upesi, na nyeupe yake haigeuki. Alichukua mabaki ya makopo dukani na ubao laini wa dari, akamketisha mkewe dirishani asubuhi ya siku ya mapumziko. Hapa sasa hapakuwa na kisingizio. Alichanganya weupe wa macho kwa mikono yake mwenyewe, kama anavyomchanganyia mteja, akakuta anatia njano, anaongeza, na bado haijafika. Akaipeleka brashi karibu na ubao, akamtazama mkewe, akaongeza tena.

Hasira zikampanda. Akaenda kuchukua kadi ya rangi, ile ya vipande vingi wanayoonyeshwa wateja, ili amalize ubishi. Ni ubishi wa nani na nani, hata yeye asingeweza kukuambia. Akaisogeza kadi mpaka kando ya jicho la mkewe.

"Heh! Unanipima kama ukuta?" mkewe akasema.

"Angalia juu."

Alianza na nyeupe ya theluji, akapita. Nyeupe ya maziwa, akapita. Krimu, akapita. Kidole chake kilisimama kwenye siagi. Ni rangi anayoiuza sana, watu huipenda kwa jikoni na korido. Kadi ilikuwa imegusa ngozi ya mkewe, na kati ya kadi na jicho hapakuwa na tofauti yoyote. Alikaa chini sakafuni, pale pale miguuni pa mkewe.

"Vipi tena?" mkewe akauliza. "Hazifanani?"

Hospitali waliwahi kesho yake, lakini kuwahi huko kulikuwa kumeshachelewa. Daktari alimminya mkewe tumboni, akamtuma kwenye vipimo, akasoma majibu, akasema kuna uvimbe umeziba njia ya nyongo na umeshaingia kwenye ini. Alichoweza kutoa ni dawa za kupunguza maumivu tu.

"Haya macho yalianza lini kubadilika?" aliuliza. "Mngekuja mwanzoni, pengine tungekuwa na la kufanya."

Jicho alilijua jibu. Hakuna mtu duniani aliyelijua kama yeye.

"Hatukuona, daktari," alisema, na mkewe alikuwa amekaa pale pale, anasikia.

Shemeji alihamia kwao kumuuguza dada yake. Kitanda kilisogezwa sebuleni, palipo na hewa. Siku moja mgonjwa akasema amechoka kutazama ukuta mtupu, picha zake ziko wapi? Jicho alisema zimeharibika. Shemeji, asiyejua lolote, akazitoa zote, akazipanga ukutani kwa kufuatana zilivyochorwa, kuanzia ile ya nyuma ya kabati mpaka ubao wa dari ambao haukumalizika.

Mkewe alizitazama pole pole, moja baada ya nyingine. Macho meupe. Macho yenye chembe. Macho yenye zaidi ya chembe. Siagi. Alirudi kwenye ya kwanza, akaenda tena mpaka ya mwisho. Shemeji naye alitazama, akaweka mkono mdomoni, akatoka nje.

"Kumbe uliona," mkewe alisema.

Jicho angeweza kusema habari za karatasi, za vumbi la chaki, za muuzaji wa tyubu. Alikuwa nazo zote ulimini.

"Niliona," alisema. "Nikadhani ni rangi."

"Na mimi nilikuwa nakuambia."

"Najua."

"Kila nikifungua mdomo, tulia. Mdomo unahama."

Jicho alilia, na hakujificha. Alijichukia kuanzia unyayoni. Mkewe alimwacha alie mpaka pumzi zilipomrudia, na hakumbembeleza, maana alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa haki yake.

"Vuta kile kiti," alisema.

Jicho akakivuta kiti cha mbao, akakaa karibu na dirisha, mikono mapajani.

"Leo wewe ndiye utulie. Mimi naongea."

Akaanza na ubavu, na siku ile aliponyanyua ndoo ya maji akasikia kitu kimemchoma ndani, akadhani ameteguka. Alieleza yote, alipoumwa na alipoogopa, akinyamaza kupumzika, kisha akiendelea pale alipoachia. Makamasi yalimshuka Jicho mpaka mdomoni. Alitaka kuinua mkono ayafute, lakini mkewe alikuwa anamtazama, na hakuuinua.