Kiti cha Mjane

Mwaka wa tisini na nne, Andati alilazwa ndani ya jeneza chini ya turubai, na kazi ya mkewe Ayuma ilikuwa moja tu: kukaa upande wa kichwa cha marehemu mpaka azikwe. Huko Khwisero mjane haulizwi kama anaweza. Anakaa. Akiinuka-inuka, watu watasema ana mkono katika kifo.

Lakini miguu ya Ayuma, jamani! Tangu aanze vidonge vya kichwa alivyopewa mjini Kakamega, zile sauti zilizomsumbua zilinyamaza, ila miguu ikawa kama imeingiwa na siafu. Akikaa, inamwasha kwa ndani, mahali pasipofikiwa na kucha. Akitembea, inapoa kidogo. Alipomweleza daktari, aliambiwa ni wasiwasi tu, aende zake nyumbani. Wasiwasi! Laiti angemwazima daktari miguu hiyo kwa ibada moja tu ya Jumapili.

Asubuhi ya mazishi alimnong'oneza wifi yake Jescah kwamba hataweza kukaa. Jescah alimpenda kweli, hilo tusimnyime. Akawaza wanavyowaza wengi, kwamba dawa ya kutuliza ikizidishwa itatuliza zaidi.

"Meza viwili, mulamwa," akamwambia, akimwita wifi kwa lugha ya kwao. "Leo utulie, umsindikize mumeo."

Ayuma akameza.

Mchungaji hajamaliza sala ya kwanza, miguu ikachachamaa. Ayuma akaisugua, akaikunja, akaibana chini ya kiti, akauma ncha ya leso. Alitaka kumlilia Andati, aliyempikia uji wakati wengine walimkimbia, lakini machozi yatatoka wapi na mwili mzima unamsukuma ainuke? Akainuka. Akaenda hadi kwenye migomba, akarudi, akakaa, akainuka tena. Minong'ono ikaanza. Eti anacheza densi.

Makhanu, kaka mkubwa wa marehemu, akasimama polepole.

"Mwanamke asiyeweza kukaa na mumewe mara ya mwisho ana jambo," akasema. "Mwondoeni. Jescah, kaa hapo."

Ayuma akamtazama wifi yake. Jescah alijua yote. Akafungua mdomo, akamwona Makhanu alivyomkazia macho, akaufunga. Kisha akakaa.

Andati alizikwa huku Ayuma akizunguka-zunguka nyuma ya jiko, akisikia udongo ukiangukia jeneza. Kwenye kiti cha mjane, Jescah alikuwa ametulia tuli, na wazee wakamsifu kwamba huyo ndiye mtu wa heshima.