Springi za Kinyozi

Jumanne ile gari lilipoingia uani, Kinyozi hakuteremka upesi. Alibaki ameshika usukani, akimsikiliza mkewe kule nyuma akivuta pumzi fupifupi, na binti yao akimbembeleza, "Basi, mama, tumefika. Tumefika, basi." Kisha mkewe akasema, kwa sauti ya mtu aliyebakiwa na hasira tu:

"Baba Watoto, nisikilize vizuri. Gari hili mimi sipandi tena. Hata mje kunibeba na machela, sipandi. Wiki ijayo nendeni kliniki wenyewe, mkachomwe hizo dawa nyinyi."

Na yule mama, tuelewane, alikuwa akisema amesema. Hakuwa na kawaida ya kutishia watu.

Sasa tusimwonee Kinyozi. Kosa lilikuwa lake, ndiyo, lakini hebu tuseme ukweli, alilifanya kwa mapenzi. Gari lenyewe lilikuwa la familia tangu watoto wadogo: refu kwenda juu, viti vya nyuma vya kulaza, mlango wa buti mzito unaotaka uupige bega ndipo ufunge. Limepeleka watoto shule, limebeba vitanda vya watu wanaohama, limeshinda kwenye harusi na misiba ya mtaa mzima. Uzee ukalishika. Springi za nyuma zikalala, shokapu zikavuja, na kila likipanda tuta lilikuwa linashuka na kugonga, ngo! na aliyekaa nyuma anarushwa. Watoto walikuwa wakicheka wakirushwa hivyo. Lakini watoto wakakua wakaenda zao, akabaki kitinda mimba tu, na mama yao akaugua, na ugonjwa ukahamia kwenye uti wa mgongo. Hapo kicheko kikaisha.

Teksi ndogo hakuweza, maana kujikunja aingie ilikuwa shughuli ya kumtoa machozi. Gari lile angalau lilikuwa na nafasi ya kulala. Kwa hiyo kila Jumanne akalazwa nyuma juu ya godoro, binti akamshika mabega, Kinyozi akaendesha. Na kila Jumanne akirudi analalamika: "Gari lako hili litanimaliza."

Kinyozi aliposikia neno gari, masikio yakamsimama. Ugonjwa wenyewe, haki ya nani, hakuuelewa. Daktari alikuwa akimwonyesha picha zenye vivuli, anaitikia kwa kichwa kama mwenye kuelewa, akitoka nje anamwuliza binti, "Amesemaje?" Ila gari! Gari lina nati, lina bushi, kilichochakaa unakitoa unatia kingine. Asubuhi moja alifunga saluni yake, wateja wakiwa wamekaa kwenye benchi na vichwa vyao, akaenda gereji.

Fundi wa gereji alikuwa bonge la mtu, rafiki yake wa miaka nenda rudi, wanaitana majina yasiyofaa kusemwa mbele ya wakwe. Kinyozi akamwambia, "Springi zimelala. Nitilie ngumu kuliko zote ulizonazo, zisilale tena mpaka nife."

"Ngumu kuliko zote ni zile za magari ya saruji," fundi akasema. "Wewe unabeba mke au unabeba kokoto?"

"Tia."

"Ndugu yangu, springi ngumu isipopata mzigo..."

"Mimi nikikunyoa nakuuliza maswali? Tia!"

Basi akatiliwa. Kinyozi ni mbishi wa kuzaliwa, ndiye yule ukimwomba akupunguze kidogo anakutoa upara na bado anakuambia umependeza. Gari likainuka nyuma, likasimama kama jogoo, majirani wakalisifu. Akaenda nalo kliniki Jumanne ile. Lo! Springi zile hazikuinama hata kidogo, zingeinamaje? Mgonjwa alikuwa amekonda amebaki mifupa. Kila kijiwe cha barabarani kilipanda moja kwa moja hadi mgongoni mwake. Kwenye mashimo ya karibu na soko alipiga kelele mpaka watu wakageuka. Ndiyo maana walipofika nyumbani alisema aliyoyasema.

Na daktari alikuwa amewaambia peupe, siku hiyohiyo: dawa hii haikatwi katikati. Asipofika wiki moja tu, ndio mwisho, hakuna kuianza tena, na nyingine hakuna. Kinyozi aliyaelewa hayo bila kumwuliza binti. Kwa hiyo alikuwa na mpaka Jumanne. Ama gari lilainike mkewe akubali kupanda, ama wakae nyumbani wasubiri.

Kulipokucha akarudi gereji, amenywea.

"Usiseme kitu," akamwambia fundi.

"Sijasema."

"Uso wako unasema."

Kwanza wakajaribu njia ya mkato. Walijaza mchanga kwenye magunia, wakayapanga ndani ya buti ili springi zipate cha kubeba. Zikalainika kweli, lakini pua ya gari ikaangalia mawinguni, Kinyozi haoni barabara, anaona ndege. Fundi alicheka hadi akakaa chini. Kinyozi naye alicheka, kisha akakumbuka kwa nini yuko pale, kicheko kikamkatikia mdomoni.

Wakaanza upya, safari hii Kinyozi akifunga mdomo. Zile springi za saruji zikatoka, zikaingia laini za gari lenyewe. Shokapu zote zikabadilishwa, mbele na nyuma. Bushi, zile raba za kwenye maungio, zilizokuwa zimekuwa ngumu kama kwato zikang'olewa kwa nyundo na matusi. Tairi zikapunguzwa upepo kidogo, si sana, fundi akionya zikilegea mno gari litayumba. Raba za kushikia injini zikatiwa mpya, maana nazo zilikuwa zinapitisha mtetemo hadi kwenye viti. Jioni Kinyozi akirudi nyumbani anaketi ukingoni mwa kitanda, anamsimulia mkewe yote hayo, moja baada ya jingine, utadhani anamsomea habari.

"Usinishike na mikono hiyo," mkewe akamwambia. "Unanuka grisi."

"Zamani ulikuwa unasema nanuka poda."

"Zamani ulikuwa na kazi."

Wakacheka kidogo. Yeye akacheka kwa uangalifu, asije akatikisika.

"Mara moja tu," Kinyozi akasema. "Panda mara moja. Gari likikurusha hata kidogo, naliuza chuma chakavu, na mimi mwenyewe unipeleke hukohuko wakanipime kwa kilo."

Mkewe alimwangalia kwa muda mrefu. Alimwangalia kucha zake nyeusi, macho yake mekundu, kifundo cha mkono alichojifunga kitambaa baada ya spana kuteleza. "Haya," akasema. "Mara moja."

Mwanamume yule alitoka chumbani akakimbilia uani kama kijana aliyekubaliwa posa. Kesho yake akamfanya fundi aendeshe, yeye mwenyewe akalala nyuma palepale mkewe hulala, glasi ya maji imejaa pomoni kifuani. "Pita matuta yote!" akamwamuru. "Pita na ya kule sokoni!" Fundi akapita, huku akipiga kelele dirishani kwamba watu wapishe njia, amebeba mgonjwa wa kichwa. Yale matuta gari liliyapanda na kuyashuka taratibu, likazama, likainuka, likatulia. Mashimo ya sokoni yakapita chini kwa chini. Kinyozi akaangalia kifua chake. Kikavu. Akalia, hapohapo chali, glasi mkononi, na fundi akajitia hamnazo, akaendesha tu.

Jumanne ikafika. Wakamlaza mama juu ya godoro, mto chini ya magoti, binti akapakata kichwa chake. Kinyozi akaondoa gari kwa gia ndogo, akaliachia polepole. Tuta la kwanza. Likapita. Hakuna ngo. Hakuna kurushwa. Akatazama kwenye kioo.

"Umeona?"

Mkewe alikuwa amefumba macho, ameuma mdomo. "Nimeona," akasema.

Tuta la pili akaguna. La tatu akalia kabisa, mlio mdogo wa kujizuia. Kinyozi akapunguza mwendo hadi waendesha baiskeli wakawa wanampita na kumtazama. Kule sokoni akayakwepa mashimo yote, hata lile lisilokwepeka, akapanda ukingo wa barabara, na mama aliguna vilevile. Wakaingia lami mpya, ile pana inayokwenda hospitali, nyororo, ukimwaga maji yanatulia. Mama aliguna vilevile.

"Ni tairi," Kinyozi akasema. "Zimebaki na upepo mwingi. Nilimwambia yule bonge."

Taa za barabarani zikawaka nyekundu, wakasimama. Gari halikuwa likienda popote. Magari mengine yalipita mbele yao, mtu mmoja akavuka na mkate kwapani. Nyuma mkewe akaguna.

"Injini inatetema," Kinyozi akasema, akazima injini.

Pakawa kimya ndani ya gari. Hakuna kilichotetema. Mkewe akaguna, mguno uleule wa kwenye tuta, uleule wa sokoni. Binti alimwangalia baba yake kwenye kioo, kisha akaondoa macho. Taa zikawa kijani, wa nyuma wakapiga honi, Kinyozi akaliwasha, akalisogeza pembeni na kusimama. Akafungua mlango, akateremka, akalala chali kwenye vumbi na shati lake jeupe la kwendea hospitali, akajiingiza chini ya gari.

Alishika springi moja. Nzima. Akashika shokapu, akaitikisa bushi, akapapasa nati moja moja kwa vidole. Vyote vizima, vipya, vimekazwa. Kazi safi kabisa, hajapata kuona kazi safi kama ile maishani mwake, na roho ikamwuma kwa sababu hiyo.

"Baba Watoto," sauti ikatoka dirishani juu yake. "Toka huko chini."

"Kuna nati imelegea hapa."

"Hakuna."

"Wewe umejuaje? Uko juu wewe."

"Gari lako ni zima," mkewe akasema. "Ni mimi."

Kinyozi hakutoka. Aliona viatu vya binti vikishuka, vikisimama kando ya gurudumu, vikibaki hapo.

"Tangu lini?" akauliza akiwa kulekule.

"Tangu zile springi za zamani. Naumia nikiwa kitandani. Naumia nikiwa nimekaa. Nilikuwa nikisema mgongo, wewe unavuta kiti unakaa unaniangalia, siwezi hata kulia kwa raha yangu. Nikisema gari, unaondoka kwenda gereji ukiwa na uso wa mtu." Akapumzika. "Ila zile za saruji, zile ziliniumiza kweli. Hizo Mungu atakuuliza."

Binti akatoa sauti iliyokuwa kicheko na kilio, haikujulikana ni ipi.

Kinyozi akajitoa chini ya gari, vumbi kichwani, akasimama dirishani, hasira zimempanda. "Mbona hukuniambia, wewe mwanamke? Mimi nakesha kwenye gereji kama mwendawazimu, nalala chali na glasi ya maji kifuani, watu wananicheka, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Akafungua mdomo. Angefanya nini? Alitafuta jibu kweli, alisimama pale akitafuta, magari yakipita. Hakupata. Akafunga mdomo.

"Nirudishe nyumbani," mkewe akasema.

"Hospitali ile pale. Paa lake lile pale, unaliona."

"Naliona. Nimelichoka."

"Ukikosa leo ndio basi. Daktari amesema."

"Nilikuwepo akisema."

"Mama," binti akasema, "si tumefika, mama, kidogo tu..."

"Wewe mwanangu, ingia ndani unishike kichwa. Shingo inaniuma."

Binti akaingia, akamshika. Kinyozi akazunguka mbele ya gari, akashika boneti kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Kama ni ubishi, alikuwa nao tele. Angeweza kufunga milango na kuendesha hadi mlangoni mwa hospitali, na mgonjwa hana nguvu za kumzuia. Aliliwaza hilo. Kisha akamwona kupitia kioo cha mbele, amelala mapajani mwa binti, macho wazi, anamngojea yeye aamue, na safari hii hakuwa na hasira yoyote. Alikuwa amechoka tu.

Akaingia, akawasha, akaligeuza gari.

Akaendesha taratibu kurudi walikotoka, mikono miwili kwenye usukani. Lami mpya ikaisha. Wakapita sokoni, wakayapanda matuta ya mtaani, moja baada ya jingine, na kila moja gari likazama, likainuka, likatulia bila kumrusha mtu. Kila moja mkewe akalia, naye Kinyozi hakuwa tena na kitu cha kulaumu.