Mistari Mitatu Mitupu

Mwalimu wa sayansi wa shule yetu ni mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja. Mimi ni mpishi wa shule hiyo hiyo. Niliacha masomo darasa la sita ili yeye aendelee, na sikuwahi kumsimanga kwa hilo. Leo namsimanga.

Daktari alishaniambia nichague: moshi au macho. Kwa hiyo nilipoona tangazo la maonyesho ya sayansi ya chakula na kilimo, nililisoma mara tatu. Wanafunzi wataonyesha kazi zao, watu wazima nao wataonyesha zao, na mshindi wa upande wa watu wazima ataajiriwa na ofisi ya kilimo kuzunguka mashuleni akifundisha namna ya kuhifadhi nafaka. Nikajisemea, kazi hiyo ni yangu. Miaka kumi na minne nachambua maharage ya shule, fukusi wanaoyatoboa nawajua kwa sura.

Nikachukua makopo matatu yenye vifuniko. La kwanza nikatia maharage na majivu yaliyochekechwa, la pili maharage na pilipili kavu ya kusaga, la tatu maharage matupu, ya kulinganishia. Kila asubuhi uji ukishaiva, nilichota maharage mia kutoka kila kopo, nikahesabu yenye matundu, nikaandika daftarini. Wenzangu wa jikoni walicheka mpaka wakachoka.

"Mama Sufuria, hayo maharage unayahesabu au unayaombea?"

"Vyote viwili," nikawajibu.

Nilihesabu siku tisini. Kwenye majivu matundu yaliishia manne, kwenye pilipili ishirini na moja, na kwenye lile kopo la maharage matupu, sitini na nane. Ila siku ya arobaini, ya arobaini na moja na ya arobaini na mbili sikuandika kitu. Binti wa mdogo wangu alikuwa amelazwa, kifua kimembana. Wifi yangu alikuwa na kichanga cha wiki moja, na baba mtu akasema ana semina, hawezi kuikosa. Nikaenda mimi. Nikalala sakafuni juu ya boksi lililokunjuliwa, kando ya kitanda namba tisa, nikimnywesha mtoto maji kwa kijiko. Niliporudi ningeweza kubuni hesabu za siku zile, nani angejua? Nikaacha mistari mitatu mitupu. Uongo kwenye hesabu ni kama fukusi kwenye gunia, akiingia mmoja umekwisha.

Wiki moja kabla ya maonyesho, mdogo wangu alikuja jikoni akalipekua lile daftari, akatabasamu.

"Dada, kazi nzuri hii. Lakini mwandiko wako huu! Kuku akipita kwenye matope anaandika vizuri zaidi. Niachie nikakuchapie, nikutengenezee na bango."

Nikacheka, nikampa. Nilimpa na makopo yangu matatu, nimeyafunga kwenye kitambaa safi.

Siku yenyewe nilichelewa ukumbini kwa sababu ya chai ya wageni. Nilipoingia na birika mkononi, waamuzi walikuwa wamesimama mbele ya makopo yangu. Nyuma yake kulikuwa na bango kubwa la kupendeza, na juu kabisa, kwa herufi nene, jina la mdogo wangu. Langu nililitafuta mpaka chini. Halikuwepo hata kwa herufi ndogo. Nikaegemea ukuta, birika likiniunguza kiganja.

Mwamuzi mkuu, bibi mmoja wa ofisi ya kilimo, aliweka kidole kwenye jedwali.

"Mwalimu, siku ya arobaini hadi arobaini na mbili hakuna hesabu. Kulikoni?"

Mdogo wangu alikuwa amenakili kila kitu, hata ile mistari mitupu.  Akainamisha kichwa, akalegeza sauti.

"Mwanangu alilazwa, mama. Nilikuwa hospitali namuuguza. Usiku na mchana."

Ukumbi mzima ukasema pole. Kuna mwalimu mmoja wa kike alimshika bega. Majivu yangu na maharage yangu ningeweza kumsamehe, nafikiri. Lakini zile siku tatu!

"Mwalimu," nikaita kutoka ukutani, "mtoto alilala kitanda namba ngapi?"

Watu wakageuka. Yeye akanitazama. Mstari wa mbele, wifi yangu alimvuta binti yake karibu na kutazama sakafu. Mtoto ndiye aliyejibu, kwa furaha, kana kwamba swali lilikuwa lake.

"Tisa! Mimi na shangazi!"

Yule bibi alifunga kalamu yake. Akauliza daftari la mkono liko wapi. Mdogo wangu akasema alilitupa baada ya kuchapa. Waamuzi wakanong'onezana kwa muda mrefu, kisha bibi akaniambia kwa upole kwamba ananiamini, ila bila daftari hana cha kusimamia, na kazi yenye mgogoro haishindanishwi. Ajira ikaenda kwa mfuga nyuki.

Mchana mdogo wangu alinifuata jikoni. Alisimama mlangoni, tai ikiwa imelegea.

"Umeniaibisha mbele ya watu, dada. Si ungenivuta pembeni? Haya ni mambo ya familia."

"Familia nilikuwa nayo hospitali," nikamwambia. "Wewe ulikuwa semina."

 Akaikaza tai yake, akaondoka. Chakula cha watoto mia nne kilikuwa bado, nikapiga magoti nikachochea kuni. Machozi yakanitoka, wenzangu wakadhani ni kawaida yangu. Siku hiyo niliushukuru moshi.