Foleni ya Miisho ya Muziki

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, mtangazaji Tsvetana Ruseva alimeza tonge la mwisho la banitsa, pai ya jibini, akafuta siagi vidoleni, akaweka kanda namba 418. Redio ya umma ya mji wa Gorna Lipa ilikuwa imebakiwa na saa moja tu ya muziki wa klasiki kwa siku. Kanda yenyewe ilirekodiwa mwaka 1979, redio ilipokuwa bado na okestra yake. Kilikuwa kipande cha polepole cha dakika kumi na moja, na mwishoni hubaki fidla moja inayofifia mpaka msikilizaji aache kutafuna ili aisikie.

Aliyepiga fidla hiyo ni Asen, marehemu mume wa Bi Zlatka. Bi Zlatka ana miaka themanini na minne, anakaa ghorofa ya sita, na hana sauti nyingine yoyote ya mumewe. Alikuwa ameomba kipande hicho mara nne. Mara zote nne kilikatwa, na hii ilikuwa ya tano.

Kilichokikata ni mashine ya mkurugenzi mpya, Kamen Dobrev, bwana aliyetokea kiwanda cha magodoro akaja kuwafundisha watu redio. Mashine ikisikia kimya kwa sekunde nane, inaamini mitambo imekufa, basi inarusha tangazo. Fidla ya Asen ilipoanza kufifia, zikaingia kelele za familia nzima inayorukaruka juu ya godoro.

Simu ililia papo hapo.

"Mwanangu, umenikatia tena."

"Nisamehe mama. Si mimi, ni mashine."

"Haina mama hiyo mashine? Nipe namba yake nimpigie."

Saa nne kamili, mwisho uliokatwa ulitoka studio ukaingia kwenye korido. Ulivaa koti la kijivu lililochakaa viwikoni. Ukatazama viti, ukauliza kama wanavyouliza watu kliniki: "Nani wa mwisho?"

"Mimi," ukajibu mwisho wa kipande cha piano, uliokuwa pale tangu Ijumaa. Mwisho wa fidla ukaketi baada yake. Kwa hesabu ya bawabu, Mzee Nayden, ulikuwa wa kumi na nane. Aliuandikisha kwenye daftari la wageni, na penye sababu ya kuja akaandika: hajamaliza.

Dobrev alipita na kikombe chake cha kahawa.

"Hawa nani?"

"Miisho, bosi," alisema Mzee Nayden.

"Waambie wasizibe hita."

Tsvetana alimfuata hadi ofisini. "Bosi, izime mashine dakika tatu tu. Kuna mama mzee anasubiri."

"Dada, kimya kinaua redio."

"Kile si kimya. Ni fidla."

"Mbona mimi sikusikia kitu?"

"Kwa sababu ulikuwa unaongea."

Dobrev alicheka kwa roho safi. Mtu kama huyo humuumbui hata ukimvua nguo, atadhani unampima suti. Mashine haikuzimwa.

Alhamisi Bi Zlatka alipiga simu kwa sauti iliyojaa makohozi. Homa ya mapafu. "Daktari kasema nisipande ngazi. Nikamwambia usiwe na shaka, mara ijayo nitashuka tu." Akakohoa kwa muda mrefu. "Mwanangu, siogopi kufa. Naogopa kumkuta Asen aniulize umeisikiaje, nimwambie walinirushia godoro."

Tsvetana alikata simu, akalia kidogo kwa hasira, akaenda korido. Aliuambia mwisho wa fidla: mtaa wa nyuma ya soko, nyumba namba kumi na mbili, ghorofa ya sita, lifti mbovu.

Foleni ikanung'unika. "Kila mtu ana haraka," ulisema mwisho wa piano. "Mimi niko hapa tangu Ijumaa!"

"Kuna mgonjwa," alisema Tsvetana.

"Haya, apite. Lakini mmoja tu."

Mwisho ukapanda basi namba saba, ukashuka sokoni. Saa nane simu ililia.

"Amefika. Nimempa supu, hataki."

"Umesikia mpaka mwisho, mama?"

"Mpaka mwisho kabisa. Asen alikosea noti moja. Miaka arobaini ananibishia kuwa hakukosea, mwongo mkubwa!" Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akalia, kisha akaomba radhi kwa kulia. Mwisho wa fidla haukurudi redioni. Ulikaa naye, na alipofariki Jumapili ulikuwa kwenye kiti kando ya kitanda.

Miisho mingine iliposikia hayo ilitaka anwani. Tsvetana alifungua orodha ya wasikilizaji waliowahi kulalamika, akaigawa yote. Kufikia Jumatano korido ilikuwa tupu na daftari la wageni limefungwa.

Kanda zikabaki na mianzo tu. Namba 418 sasa ilikuwa na dakika nane, ikikatika okestra nzima inapovuma. Mashine haikupata tena kimya cha kuizindua. Malalamiko nayo yaliisha, maana kila mlalamikaji alikuwa na mwisho wake nyumbani.

Dobrev aliandika ripoti kwa wakubwa mjini Sofia kwamba ameuponya muziki wa klasiki. Akapandishwa cheo. Kwa desturi alipita ofisi hadi ofisi na boksi la chokoleti, na kwa desturi kila mtu alichukua moja akampongeza. "Mnaona?" aliwaambia. "Muziki ulikuwa na mafuta mengi tu." Na kwa kuwa vipande vilikuwa vimefupika, saa moja ya Tsvetana ikafanywa dakika arobaini.

Jumatatu iliyofuata alipiga simu mwanamke mmoja, mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwahi kusikiliza kipindi hicho kabla ya siku ile, namba 418 ilipopigwa.

"Samahani dada. Kile kipande kinaishia pale pale? Mbona kama mtu kaondoka mezani mdomo umejaa?"

Tsvetana alitazama korido kupitia kioo cha studio. Viti kumi na vinane vilikuwa vimeshahamishiwa ofisi ya matangazo.

"Ndiyo," alisema. "Kinaishia pale."

"Kumbe," alisema mwalimu. "Mimi nisingejua kuwa kimeisha."