Sarafu Nne Katika Bakuli Moja

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na cheo hicho sigombanii na mtu. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta.

Kazi yangu ni kung'arisha. Nina miaka kumi na tisa kwenye hoteli moja kubwa nikisugua vitasa vya milango, reli za ngazi, sinia, kengele ya mapokezi na vibao vya namba za vyumba. Wenzangu wananiita Mng'aro. Nimefukuzwa mara mbili na kurudishwa mara mbili, mikono imeungua kwa dawa za kila aina, na kuna siku nilisugua kitasa mpaka kikanibaki mkononi, mgeni mwenyewe yuko ndani anagonga atolewe. Kwa hiyo mambo ya shaba mtu asinifundishe. Ndivyo nilivyojidanganya.

Jumamosi ile mimi na dada yangu tulikwenda kumhamisha mama. Magoti yalikuwa yamemshinda, na ngazi za kufika kwenye vyumba vyake viwili zilikuwa arobaini na moja. Dada ni mshonaji, anakaa nyumba isiyo na ngazi, akawa amemwandalia chumba. Kaka yetu mkubwa, dereva wa lori, alikuwa safarini, kama ilivyo desturi yake kila panapotokea kitu cha kubeba.

Mama alikubali kuhama kwa sharti moja. Kabla mlango haujafungwa, afungue kopo lake la majani ya chai ampe kila mtoto sarafu yake.

Baba yetu alikuwa mtu wa vibarua, mwezi huu hapa, mwezi ujao kule. Kila alipopata mtoto alitoa mfukoni sarafu moja ya shaba, ya ujira wa siku hiyo hiyo, akamkabidhi mama: "Hii ya mtoto. Hata tukilala njaa, isiguswe." Na njaa tulilala kweli, na hazikuguswa. Zilikuwa nne, ingawa sisi tuko watatu. Ya nne ilikuwa ya mdogo wetu wa kike, aliyeishi wiki kumi na moja. Mimi nilikuwa na miaka miwili. Simkumbuki hata kidogo. Hiyo, mama alisema, hampi mtu. Atakwenda nayo.

Mchana mama akajikongoja mpaka mlango wa pili kumuaga jirani yake. Dada alikuwa chumbani anafunga mashuka. Mimi nilipewa jikoni, nipange sufuria kwenye maboksi. Nyuma ya sufuria, kwenye rafu ya juu, nikalikuta kopo.

Nikalifungua. Aibu iliyoje! Sarafu zilikuwa nyeusi, zina ukoko. Moja ina madoa ya bluu, moja imegandwa na lami, moja masizi matupu, na moja ina kitu cha zambarau kama wino wa kalamu iliyovuja. Nikajisemea, mama atatugawia vitu vya namna hii, naye amezaa Mng'aro? Nitamfanyia jambo ambalo hatalisahau.

Na nililifanya.

Vitu vyote vilikuwepo. Siki nusu chupa, chumvi, soda ya kuokea, sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu. Nikafungua dirisha. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe nikaisogeza mbali kabisa, maana ikikutana na siki hutoa hewa inayokaba koo. Nimewahi kumwona mwenzangu akibebwa kutoka chumba cha kufulia kwa ajili hiyo. Siki na chumvi kidogo kwenye bakuli, sarafu ndani, dakika tano, si zaidi. Kisha soda iliyokorogwa na maji ikawa ujiuji, mswaki taratibu, na tone la mafuta ya kupikia palipogandwa na lami, bila kukwaruza. Kisha maji mengi, sabuni, maji tena, na kitambaa cha pamba. Hata msimamizi wangu, ambaye hajawahi kunisifu tangu aajiriwe, asingekuwa na la kusema.

Angekuwa nalo moja. Kazini, vitu vya wageni wawili haviingii bakuli moja. Kila kimoja hulowekwa peke yake, na kikaratasi cha namba ya chumba pembeni. Ndiyo sheria ya kwanza tunayofundishwa, na ndiyo niliyomfundisha kila aliyekuja nyuma yangu. Lakini hizi zilikuwa za kwetu. Nikazitupia zote nne kwa pamoja kama maharage.

Maji yakawa kijani, kisha yakaingia rangi ya zambarau. Nikafurahi, nikapiga na mluzi. Uchafu unatoka! Nikayamwaga kwenye sinki na kufungua bomba. Mpaka leo, nikimwaga maji ya siki kazini, mkono unasita kidogo, kana kwamba kuna kitu bado ningeweza kukiokota.

Mama aliporudi nilimketisha kwenye kiti pekee kilichokuwa hakijafungwa, nikamwita dada, nikaweka sahani mezani. Sarafu nne zikiwaka kama zimetoka kiwandani leo.

"Haya mama, gawa. Vaa miwani ya jua kwanza."

Mama akatazama. Nikangoja kicheko.

"Hizi ni za nani?" akauliza.

"Si ni zetu! Zile za kwenye kopo. Nimezisafisha."

Dada alikuwa mlangoni na shuka mikononi. Likamponyoka.

"We Mng'aro," akasema polepole, "umefanya nini?"

Mama akaivuta sahani. Akachukua ya kwanza, akaigeuza, akapitisha kidole ukingoni mpaka kikakwama kwenye pengo. "Hii ya kaka yenu. Aliipiga nyundo akiwa na miaka sita." Akaiweka kando. Ya pili ilikuwa na tundu; dada aliwahi kuivaa shingoni kwa uzi, ikajulikana. Zikabaki mbili. Akazipima mkononi, akazinusa, akazipeleka dirishani kwenye mwanga. Pande zote zilikuwa sawa. Hata mwaka ulikuwa mmoja. Inaelekea mwaka ule walizitengeneza nyingi mpaka wakachoka.

"Yako ilikuwa na masizi," mama akaniambia, macho bado kwenye sarafu. "Baba yako alikuwa kwenye tanuri la mikate ulipozaliwa. Ya kaka yako ilikuwa na rangi ya milango, ya dada yako lami ya barabara. Nilikuwa nikizitazama, namwona na nguo zake za kazi."

"Na ile ya zambarau?" nikauliza. Nilikwishajua, ila mdomo wangu una tabia ya kutangulia.

"Mtoto alikuwa na vidonda mdomoni. Nilimpaka dawa ile ya zambarau kwa kidole hiki." Akanyoosha cha shahada. "Siku aliyotuacha niliishika sarafu yake, dawa haijakauka. Kidole changu kilibaki pale."

Hapo ndipo ningefunga mdomo. Mtu yeyote aliyelelewa angefunga. Mimi, kumbe, aibu ikinibana nageuka wakili.

"Mama, sikujua. Hakuna aliyeniambia."

"Ungeuliza!" dada akasema. "Nilikuwa hapo chumbani, hatua nne. Ulishindwa kuita, dada, hizi niziguse?"

"Nilitaka kumfurahisha."

"Ulitaka kusifiwa. Tangu utoto wako hujafanya kitu bila kugeuka nyuma kuona nani anapiga makofi."

Ilikuwa kweli, na kweli ikisemwa na dada huuma mara mbili.

"Basi nitatengeneza," nikasema. "Dawa ile si bado inauzwa? Duka liko hapo chini. Naleta kichupa, mama anachovya kidole, anagusa tena."

Dada akacheka kicheko ambacho sikukipenda. "Mama, unasikia? Fundi anataka kukuuzia kumbukumbu mpya."

"Dada, nisaidie basi, usinichome!"

"Nikusaidie nini? Nikatafute kwenye bomba la maji machafu?"

Nikazitazama zile mbili. Ningeweza kuapa kwamba ya kushoto ndiyo niliyoisugua mwisho, na kwamba ya mwisho ndiyo iliyokuwa na masizi. Nikajaribu kukumbuka mkono ulivyokwenda, bakuli mpaka mswaki, mswaki mpaka kitambaa. Hakuna kitu. Miaka kumi na tisa nasugua vitu vya watu bila kuvitazama, na hizi nazo sikuzitazama. Moja ilikuwa yangu, niliyowekewa na baba akiwa na unga kwenye nyusi. Nyingine ilikuwa ya mtoto ambaye hana picha, hana nguo, na jina lake halitajwi nyumbani kwetu kwa sababu mama humaliza siku nzima bila kula akilisikia. Na mimi niliyezichanganya ndiye pekee niliyeziona kwa mara ya mwisho zikiwa na madoa yao.

Chini, mwenye mkokoteni aliyekuja kuchukua mizigo alikuwa anaita. Mama hakusogea. Sarafu moja kiganja hiki, nyingine kiganja kile, anazitazama kwa zamu. Niliona hawezi kuondoka hivyo, nikaona pia kwamba hawezi kukaa. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, sikiliza. Zote ni shaba, zote alizitoa baba, kwa mkono mmoja, mfuko mmoja. Chukua yoyote, iwe yake kuanzia leo. Mimi nitachukua itakayobaki. Hata ukikosea, nani atajua? Mimi sitalalamika. Sarafu ni sarafu, mama yangu."

Dada akafumba macho. Mama akaninyooshea viganja vyote viwili, akaziachia sarafu zote mbili mikononi mwangu, akashika ukingo wa meza akasimama.

"Wewe una mke, una watoto, una jina la utani, na una mdomo wa kubishana na mimi," akasema. "Mwenzako alikuwa na doa tu."