Redio Iliyobaki Mlimani

Mtunza stoo wa halmashauri hakuwa mwizi, wala mlevi, wala mvivu kupita wengine. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: neno "hapana" lilikuwa halimtoki. Ukimwomba ngazi ya ofisi ukapake rangi nyumba yako, utapewa, tena atakusindikiza nayo hadi getini akiwa ameshika upande wa pili. Watu walimbandika jina la Hewala, naye akalipokea kwa furaha kama aliyevishwa nishani.

Huyo Hewala ndiye aliyekuwa ameketi asubuhi ile kwenye benchi nje ya ofisi ya mkurugenzi, ubavuni mwa dada yake mkubwa, muuguzi wa zahanati ya mlimani. Dada alikuwa ameitwa kujieleza. Mama mmoja alifika kwake na uchungu wa kuzaa, mtoto amekaa vibaya, mvua haikatiki. Gari la wagonjwa halikutokea mpaka jirani alipoteremka na pikipiki kwenda kuliita, na hapo jua lilishazama. Mama alipona. Mtoto hakupona. Sasa wakubwa walitaka kujua kwa nini muuguzi alikaa mchana kutwa bila kuomba msaada, na minong'ono ya koridoni ilisema kazi hana tena, bado kuambiwa tu.

Hewala naye aliitwa, eti athibitishe jambo dogo la vifaa.

"Usihofu," dada alimnong'oneza. "Sitakutaja."

Hewala aliona heri angetukanwa.

Mambo yalianza halmashauri ilipoamua kuachana na redio koli, zile za kubonyeza kitufe ndipo usikike. Kulikuwa na mnara mpya wa simu mlimani, kwa hiyo redio za nini tena? Mnara ulikuwepo kweli, umepakwa rangi ukapendeza, ila haujawashwa. Amri ilikuwa fupi: redio zikusanywe zote, zifutwe masafa ya halmashauri, kisha zipigwe mnada. Hewala akazunguka na gari kituo hadi kituo. Alipofika zahanati ya mlimani, alimkuta dada yake ameikumbatia ya kwake kama mtu anayekaribia kunyang'anywa mtoto.

"Mdogo wangu, simu hapa haishiki hata nikipanda juu ya bati. Niachie hii."

"Hewala, dada. Baki nayo. Ila usiitangaze."

"Na ule mtambo wa mjini, wa kutupokea, upo bado?"

"Upo."

Na kweli ulikuwepo. Ulikuwa stoo, sakafuni, chini ya turubai, waya wa antena umekatwa kwa koleo, na aliyeukata ni yeye mwenyewe. Angeweza kumwambia hivyo. Dada angelia kidogo, angemsema sana, halafu angepanga kazi zake kama mtu anayejua kwamba hana redio. Angeelewana na mwenye pikipiki akae tayari, na wajawazito angewateremsha mjini mapema. Lakini Hewala hakutaka kuiona sura ya dada yake ikinyong'onyea mbele yake, basi akamwachia debe tupu na kuondoka akimpungia mkono. Huo aliuita upendo. Kikao cha halmashauri kilipokaa, akasimama akasema zimekusanywa zote.

"Ila yule aliyekuwa zamu mjini siku ile ana lake na Mungu," dada aliendelea pale benchini, macho kwenye mlango wa mkurugenzi. "Angekaa kimya ningejua sijasikika, ningetuma mtu papo hapo. Lakini alinijibu."

"Alikujibu?"

"Si unajua mvua ikinyesha sauti inakatika, mtu wa mjini anabonyeza tu mara mbili? Tik-tik, yaani nimekupata. Nikaita, nikasikia tik-tik. Nikaita tena, tik-tik. Basi nikajua gari liko njiani. Hata asubuhi nikiwasalimia hawasemi kitu siku hizi, wananibonyezea tu. Nikasema labda wana kazi nyingi."

Hewala akaukumbuka mnada. Redio zile za mkononi zilinunuliwa mnadani na mwenye machimbo ya kokoto yaliyo chini ya mlima huohuo. Siku ya kuzichukua, fundi wa kufuta masafa alikuwa likizo na mnunuzi alikuwa na haraka. "Tutafuta wenyewe," mnunuzi alisema, na Hewala akajibu kama jina lake. Hawakufuta. Hewala alilijua hilo, maana aliwahi kupewa lifti kwenye lori moja akamwona dereva, kabla ya kona nyembamba, akibonyeza mara mbili kumwambia mwenzake wa juu kwamba anapanda. Kwenye ngurumo ya injini, nani angesikiliza sauti ya mwanamke inayokwaruza? Siku ile Hewala alicheka, akamsifu dereva kwa ujanja.

Kumbe waliokuwa wakimjibu dada yake ni malori.

"Ingieni," karani aliita.

Mkurugenzi alikuwa na sauti ya upole, ule upole unaotisha kuliko makelele. Pembeni yake daktari mkuu alikuwa akifuta miwani ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mama, tueleze. Ulimwita nani?"

Dada aliuminya mkoba wake mapajani. "Nilichelewa kutuma mtu, mkuu. Kosa ni langu."

"Miaka yote hii ya kazi, na bado hukujua pa kukimbilia?"

"Kosa ni langu," alirudia.

Hewala alimtazama. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, akapigwa kwa ajili yake kila alipovunja kitu. Leo tena alikuwa ameinama akisubiri kipigo kisicho chake.

"Stoo," mkurugenzi alimgeukia, "tumalize. Redio ya zahanati ile uliichukua, si ndiyo?"

Jibu lilikuwa jepesi, tena alilizoea. Angesema ndiyo, angerudi stoo kwake, akafunga mlango. Hata dada asingemlaumu.

"Hapana," Hewala alisema.

Neno lilitoka dogo, likakwaruza. Yaliyofuata yalitoka kwa fujo: redio aliyoiacha, mtambo alioukata waya, masafa ambayo hayakufutwa, madereva na tik-tik zao. "Aliita msaada huyu, aliita tena na tena, ila aliyemwacha aite hewani ni mimi," alisema. Daktari aliacha kufuta miwani. Mkurugenzi hakuwa mpole tena, na mengi aliyoyasema Hewala hakuyasikia, kwa sababu alikuwa akimsubiri dada yake. Alitumaini atashusha pumzi. Pengine hata atamshika bega.

"Kwa hiyo mjini hakukuwa na mtu," dada alisema polepole.

"Hakukuwa na mtu, dada."

"Na asubuhi zote zile?"

"Hapana." Sasa lilimtoka bila shida.

"Nilimshika mkono yule mama," dada alisema. "Alikuwa analia, anataka mume wake akatafute pikipiki. Nikamkatalia. Nikamwambia tulia, wametusikia."

Alifungua mkoba akaitoa redio, imefutwa vumbi, betri imejaa chaji, imeviringishwa kwenye kitambaa safi cha zahanati. Akaiweka mapajani mwa mdogo wake, akabaki na kitambaa mkononi.

"Haya," alisema. "Sasa zimetimia zote."