Kushika Kona

Verl Stoddard hakuwa na neno na wanawake kupanda pikipiki. Ungemuuliza angekwambia hivyo mwenyewe, tena kwa kiapo. Neno alilokuwa nalo lilikuwa na mwanamke mmoja tu, Nedra, mke mpya wa rafiki yake Garth. Asubuhi hiyo ya Novemba Nedra alikuwa amechuchumaa kando ya barabara ya vumbi, mashariki mwa Nevada, akipunguza upepo wa tairi zake kabla ya kuingia mchangani. Alikuwa akipunguza vizuri, na hakuuliza mtu. Hilo peke yake lilitosha kumharibia Verl siku.

Safari hii ilikuwa yao, yeye na Garth. Kila mwaka, kabla theluji haijafunga milima, huingia jangwani na mahema yamefungwa nyuma ya viti, wakalala wanapolala. Zamani walikuwa kundi zima, watu saba wanane. Wengine magoti yakawaangusha, wengine wakaoa wanawake wakali, mmoja akafa kitandani kwake, jambo ambalo wenzake waliliona ni aibu kidogo. Wakabaki wawili. Verl, ambaye mkewe alishaondoka siku nyingi na watoto wako mbali, alikuwa anauishi mwaka mzima kwa ajili ya zile siku chache. Sasa Garth amekuja na mtu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," husema watu. Verl hakuona anapona nini.

"Sasa tuko watatu," Garth alisema, akivaa glovu zake kubwa za ngozi, "kwa hiyo tunarudi kwenye sheria za zamani. Mimi natangulia. Nedra nyuma yangu. Wewe, mzee, utakuwa mkia. Mkia unataka mtu anayeijua kazi."

Alisema kwa wema, na Verl aliupokea ule wema kama mtu anayepewa kiti cha karibu na mlango. Nafasi ya nyuma ya Garth ilikuwa yake tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Miaka yote hiyo alikuwa amekula vumbi la Garth. Leo hata vumbi amenyimwa, ale la Nedra.

"Sheria yenyewe unaikumbuka?" Garth alimuuliza mkewe.

"Njia ikigawanyika, mimi nasimama pale pale. Nashika kona, wa nyuma asipotee njia. Wewe unaendelea. Verl akifika akanyanyua mkono wa kushoto, ndiyo ruhusa yangu ya kuondoka."

"Na asipofika?"

"Nasimama."

"Ukichoka?"

"Nasimama, Garth. Umenihubiria toka jikoni." Akamgeukia Verl akicheka. "Shemeji, ile habari yako ya mvua ya mawe mimi naijua kwa moyo. Huyu hunisimulia kila wiki, kama vile alikuwa wewe."

Habari yenyewe ilikuwa hii. Mwaka mmoja Garth alikuwa mkia, mnyororo ukamkatikia huko nyuma. Verl alikuwa ameshika kona, mvua ya mawe ikamshukia, akasimama tangu mchana hadi jua linazama, helmeti ikigongwa kama sufuria, mpaka Garth akatokea akikokota pikipiki kwa miguu. Tangu siku hiyo Garth humtambulisha kwa watu hivi: "Huyu ndiye hakuondoka." Verl hakuwa na cheti kingine duniani. Kuisikia imo kinywani mwa Nedra, tena kwa kicheko, kulimpa kijiba cha roho. Na lile neno shemeji lilimkera kuliko yote.

Wakaondoka. Jangwa lilikuwa limeshakauka kwa baridi, vichaka vya kijivu pande zote, anga safi, na vilele vya mbali vimeanza kuvaa weupe. Nedra alipanda amesimama kwenye vikanyagio, magoti yamelegea, akiiacha pikipiki icheze chini yake kama inavyopenda. Verl alimtazama saa nzima akitafuta kosa. Hakulipata, na hasira zikampanda kwa sababu hakulipata.

Aliyeanguka alikuwa yeye. Korongo moja lilikuwa na mchanga mlaini, gurudumu la mbele likazama, akalala chini na pikipiki juu ya mguu. Kabla hajajikwamua, Nedra alikuwa amesharudi, ameshika nyuma ya kiti.

"Moja, mbili, inua. Mchanga huu mbaya, shemeji. Hata mimi umenitikisa."

Haukumtikisa. Verl alikuwa nyuma yake, alimwona alivyopita. Akasema asante kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Mchana walikula burito, chapati laini zilizokunjwa na maharage ndani, zile wanazozifunga kwenye karatasi ya foili na kuzibana kando ya injini zipate moto njiani. Garth alikata yake katikati. Desturi yake ilikuwa kumpa Verl nusu, kisha Verl humpa nusu ya yake, kwa kuwa kila mmoja aliamini mwenzake anaijua pilipili zaidi. Leo ile nusu ilikwenda kwa Nedra. Garth hata hakugundua. Verl alikula burito nzima peke yake na haikumshibisha.

Ilikuwa alasiri, akiwa mkia, vumbi la wale wawili likipaa mbele yake kama moshi wa nyumba ya watu wengine, ndipo alipoiona njia ya wachunga kondoo. Ilichepuka kushoto kwenda ziwa kavu, ikalikata ziwa, ikarudi kwenye barabara ya kambini nyuma ya kilima. Waliijua yeye na Garth tu. Mbele kidogo kulikuwa na njia panda, karibu na tangi bovu la kunyweshea ng'ombe: kushoto ni kambini, kulia ni mgodi uliokufa. Nedra angeshika kona pale.

Verl alisimamisha pikipiki. Wazo halikumjia ghafla. Lilikuwa limekaa naye tangu asubuhi likingoja aligeukie. Nedra angengoja kidogo, baridi imwingie, achoke, amkumbuke mumewe, aondoke. Wote huondoka. Garth angejua basi ameoa mtu wa namna gani, na nani hakuondoka. Hakumtakia baya, alijiambia. Alitaka tu aonekane alivyo.

Akakata kushoto. Ziwa lilikuwa gumu na jeupe, pikipiki ikaruka juu yake bila kuhangaika. Tangu asubuhi hakuwa amefurahi hivyo.

Kambi yao ilikuwa kibanda cha mawe kisicho na paa, mahali palipokingwa upepo. Garth alikuwa ndiyo kwanza anavua helmeti. Alimtazama Verl, akatazama nyuma yake.

"Nedra yuko wapi?"

"Sikumwona kwenye kona," Verl alisema.

Kila neno hapo lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Uso wa Garth ulianguka polepole.

"Nilimwambia," alisema.

"Ulimwambia, nilikusikia."

"Hata kama mbingu zinaanguka, nilimwambia."

"Mgeni huyo, bwana. Usimlaumu. Si kila mtu anaweza."

Ilikuwa sumu kwenye kijiko cha asali, na Verl aliona Garth ameimeza. Akawasha moto, akabandika kahawa. Wakakaa wawili juu ya mawe yao yale yale, vikombe mikononi, na kwa muda mfupi dunia ikawa imerudi mahali pake. Utamu ule Verl aliusikia mpaka kwenye vidole vya miguu. Kisha Garth akaweka kikombe chini bila kukinywa.

"Kama ameondoka na huku hakufika, basi ameshika ya kulia," Garth alisema. "Verl, kule mgodini yale mashimo hayana hata uzio. Na jua hilo linakwenda."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Verl alifungua kinywa. Akafikiria sura ya Garth itakavyokuwa akishasikia, akakifunga.

Garth alikuwa ameshavaa helmeti. "Mimi nazunguka kilima, natokea mgodini, narudi na ile njia ya kulia. Wewe nenda kwenye kona. Asije akarudi pale akakosa mtu. Usiondoke mpaka nikufikie."

"Siondoki."

"Najua," Garth alisema, na lile neno lilimchoma Verl kuliko tusi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa fupi kweli, na jua lilikuwa limegusa milima alipofika njia panda. Nedra alikuwepo. Alikuwa amepanga mawe na vipande vya tangi, akapata kiukuta cha kukinga upepo kinachofika magotini, na pembeni yake alikuwa ameikanyaga ardhi duara zima kwa kurukaruka. Midomo ilikuwa ya bluu.

"Uko mzima?" alisema kabla Verl hajazima injini. "Ee Mungu wangu, shemeji, mimi nilishakuzika. Nilijua umevunjika mguu huko korongoni. Nimewaza kurudi, nikasema nikirudi naacha kona, nikibaki nawe unakufa. Nimelia hapa kama mtoto, usimwambie Garth."

"Kwa nini hukuondoka?"

"Niondokeje na wewe hujapita?"

"Kwa baridi hii?"

"Wewe umesimama kwenye mvua ya mawe, mimi nishindwe na baridi?" Akacheka, meno yakigongana. Kisha kicheko kikakatika. Alikuwa akiitazama barabara Verl aliyotokea, halafu akaitazama ile ambayo angepaswa kutokea. "Umetokea mbele," alisema.

Verl alitazama tairi lake la mbele.

"Garth yuko wapi?"

"Mgodini. Anakutafuta."

"Ananitafuta mgodini, na mimi niko hapa aliponiacha."

"Nilimwambia sikukuona kwenye kona."

Upepo ulipita. Verl alingoja apigiwe kelele. Angejua la kufanya na kelele.

"Mimi sikuja kukunyang'anya mtu, Verl," Nedra alisema.

Verl, si shemeji. Lile neno alilokuwa akilichukia kutwa nzima limeondoka, na alishangaa jinsi pengo lake lilivyokuwa baya.

"Nenda kambini," alisema. "Moto unawaka, kahawa ipo. Kona nitashika mimi." Akanyanyua mkono wa kushoto kama sheria inavyotaka. Nedra aliutazama ule mkono kwa muda. Kisha akapiga stata akaenda.

Verl akaingia ndani ya kile kiukuta cha Nedra. Kilijengwa vizuri pia.

Mwanga ulikuwa wa mwisho mwisho Garth alipotokea njia ya kulia, akienda taratibu kama mtu anayetazama kila kichaka. Akasimama.

"Hakuna kitu mgodini," alisema, sauti imekauka.

"Yuko kambini. Mzima. Ana baridi tu."

Garth aliinamia usukani akapumua, na mabega yakamtikisika. Verl aliyatazama yale mabega. Hajawahi kuliliwa hivyo na mtu yeyote, na hata wakati ule, aibu imemjaa, wivu ulipata nafasi ya kukaa.

Garth aliponyanyua kichwa aliuona ukuta wa mawe. Akaliona duara la nyayo, nyayo ndogo, zimekanyagana mamia.

"Alikuwa hapa?"

"Hakuondoka," Verl alisema. Maneno yake mwenyewe, ya miaka yote ile, na leo amempa mtu mwingine.

Garth aligeuza pikipiki, taa ikamulika barabara waliyoijia mchana. Vumbi lilikuwa na alama za pikipiki mbili, yake na ya Nedra. Ya tatu haikuwepo. Aliimulika muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuhesabu mbili.

"Garth," Verl alisema. "Nitukane basi."

Garth hakumtukana. Aliingiza gia, akapita mbele yake kwa mwendo wa kawaida, akashika ya kushoto kuelekea kambini. Mkono wake wa kushoto ulibaki kwenye klachi. Haukunyanyuka.

Verl alibaki amesimama. Kambi ilikuwa karibu, moto angeweza kuuona akipanda pale juu kidogo, na hakuna aliyemfunga kamba. Lakini hakuachiwa. Angeondoka bila kunyanyuliwa mkono, asingebaki na kitu chochote, hata ile mvua ya mawe. Akaanza kurukaruka ndani ya duara, juu ya nyayo za Nedra.

Baridi ilikuwa imeshampanda kiunoni alipoona taa inakuja kutoka kambini. Aliomba iwe ya Garth. Alijua mlio wa pikipiki ya Garth, na huu haukuwa wenyewe, lakini aliendelea kuomba mpaka taa ikafika.

Nedra hakuzima injini wala hakusema neno. Aligeuza pikipiki palepale ikaelekea ilikotoka, akanyanyua mkono wa kushoto. Mkono ulikuwa ndani ya glovu kubwa ya ngozi isiyo saizi yake. Verl aliijua glovu ile. Ni yeye aliyemnunulia Garth, mwaka ule wa mvua ya mawe.

Roho ilimuuma. Akapanda pikipiki, akamfuata, akila vumbi lake.